Mteja Amethibitisha

Kwa kumbukumbu za kampuni ya intaneti, mume wa Mama Vifungo alikaa bafuni siku kadhaa. Kwa kumbukumbu za makaburi, alikuwa ametimiza miezi saba ardhini.

Mama Vifungo alikuwa mshonaji wa sare za shule. Jumatatu kisanduku cha intaneti kilipowaka taa nyekundu, alipiga simu huduma kwa wateja, na binti wa upande wa pili akaomba kuongea na mwenye akaunti. Mwenye akaunti ndiye marehemu. Neno "amefariki" Mama Vifungo hakuwahi kulitamka. Waliokuja msibani walikuja wakijua tayari.

"Yuko bafuni," alisema.

"Basi tutampigia baadaye, mama."

Baadaye ndiyo hakuwa nayo. Binti yake wa pekee, muuguzi katika nchi ya mbali, angepasuliwa moyo Ijumaa ya wiki iliyofuata. Moyo huohuo ndio uliomzuia kupanda ndege kuja kumzika baba yake, na tangu hapo hawakuwahi kuligusia jambo hilo, si mama wala mtoto. "Kabla hawajaniingiza nataka nikuone uso," alikuwa amesema. "Sauti haitoshi." Simu ya Mama Vifungo ilikuwa ya vibonye. Nyuso zilipita kwenye kompyuta ya marehemu, na kompyuta ilitegemea kile kisanduku.

Jumamosi ukaja ujumbe: malalamiko yamefungwa, mteja amethibitisha kwamba huduma imerejea. Taa nyekundu ilikuwa bado imeukodolea macho ukuta. Mama Vifungo akapiga tena.

"Nani amethibitisha?"

"Mwenye akaunti, mama. Jana saa nne asubuhi, kwa simu."

"Alisemaje?"

Vibonye vya kompyuta vikasikika vikigongwa. "Anashukuru. Anaomba tusipige mchana, mke wake yuko kwenye cherehani, kelele zinampotezea mshono."

Mama Vifungo akakaa chini. Maneno hayo mumewe aliwaambia wote waliobisha hodi miaka thelathini, kuanzia msoma mita hadi karani wa sensa.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa fundi majokofu, mtu anayeamini kwamba kila tatizo lina skrubu yake mahali fulani.

"Wanajaza wenyewe hao, shemeji," alisema. "Bosi anataka kuona malalamiko yamefungwa, nao wanafunga. Hayo maneno wameyanakili kwenye kumbukumbu za zamani."

"Hakuwahi kuwapigia hata siku moja."

"Kwani ulikuwa naye saa zote?"

"Ndiyo."

Shemeji aliweka kikombe cha chai chini. "Sasa waambie ukweli. Wabadilishe jina, walete fundi."

"Nikisema, watamfuta."

"Wamfute wapi? Si tulimzika sote?"

"Pale anapojibu simu."

Shemeji akachukua mfuko wake wa bisibisi, akaenda kazini.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne, ilipofika saa nne, Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye kanyagio akasikiliza. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ya mtu anayejizuia kukohoa. Shati moja la darasa la tatu likatoka na mikono miwili ya kushoto.

Jumatano alipiga simu. Safari hii alipokea kijana wa kiume.

"Kabla ya yote, mwanangu, nisomee yaliyoandikwa Ijumaa."

Kijana akasoma.

"Mara moja tena."

Akasoma tena, polepole zaidi, bila kuulizia sababu.

"Mwenye akaunti amefariki," alisema Mama Vifungo.

"Pole sana, mama. Mfumo unataka tarehe."

Akaitaja. Kijana akaandika, kisha vidole vikasimama.

"Mama, hii ni miezi saba iliyopita. Ijumaa tuliongea na nani?"

"Mimi ndiye ninayewauliza nyie."

Fundi alikuja Alhamisi, akakuta waya umetafunwa na panya karibu na nguzo, akauunga kwa dakika kumi. Taa ikawa ya kijani. Akaunti ikawa na jina la mjane.

Ijumaa uso wa binti ukatokea kwenye kioo cha kompyuta, kichwani kofia ya karatasi ya upasuaji.

"Mama! Nilishakata tamaa. Umewafanyaje mpaka wakatengeneza?"

"Niliwaambia baba yako amefariki."

Uso ukatulia. Mama Vifungo alidhani picha imeganda, akaugusa ukingo wa kioo kwa kidole, mpaka alipoona macho ya mwanawe yakipepesa.

"Nisimulie mazishi," alisema binti.

"Sasa hivi? Si wanakuja kukuchukua?"

"Wamesema robo saa. Anza, mama."

Akaanza na watu wa kwanza kufika.