Ukuta wa 'Mampoi

Mipichi ilipoanza kuchanua katika kijiji cha Ha Rantsimane, theluji ikiwa imeyeyuka na kuacha matope mlangoni kwa kila mtu, watu walitoka nje kukagua nyumba zao. Ya mzee Tlali, Ntate Tlali kama walivyomwita, ndiyo iliyoumizwa na baridi kuliko zote. Ukuta wa mbele ulikuwa na nyufa za kuingia kidole, na michoro ya marehemu mkewe, 'Mampoi, ilikuwa imefifia kabisa. Ilibidi usimame pembeni jua likichomoza ndipo uone kwamba hapo palikuwa na maua.

Paa halikuwa na neno. Paa ni kazi ya mwanamume, na Tlali hakuwa mvivu. Alipanda, akachomoa nyasi zilizooza, akaezeka mpya, akashuka. Ukuta ulikuwa jambo jingine. Huko kwao ukuta ni wa mwanamke: yeye ndiye anayechota udongo, anayeuchanganya na kinyesi cha ng'ombe, anayekandika, na udongo ukiwa bado mbichi huchora nakshi kwa uma. Mwanamume akionekana ameshika udongo ule, wenzake humwuliza ataanza lini kufunga kilemba.

Shemejiye, 'Malineo, mdogo wa marehemu, alikaa nyumba ya pili, na mdomo wake ulifika kwa Tlali kabla ya miguu.

"Shemeji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe naona unasubiri kujenga kijiji kizima."

"Nitauziba."

"Lini? Mvua ikishaingia ndani ikavuta kiti?"

"Nimesema nitauziba, 'Malineo."

"Na nani? Sema neno moja tu, kesho nakuletea akina mama. Tunakandika, jioni tunakunywa pombe yako, tunakusengenya kidogo, yamekwisha."

Lilikuwa pendekezo la heri, na mtu mwenye akili angelipokea kwa mikono miwili. Lakini kila mwanamke pale alikuwa na nakshi yake, na aliyekandika ukuta alichora ya kwake. 'Malineo tangu usichana wake alichora pembetatu, safu kwa safu, kama meno ya msumeno. Akija yeye, nyumba itajaa misumeno, na maua ya 'Mampoi hayatakuwapo tena popote duniani, maana hakuacha binti wa kuyarithi. Mkewe alikuwa ameshamfia mara moja. Tlali hakutaka afe tena.

"Nitakandika mwenyewe," akasema.

'Malineo alicheka hata akashika uzio asianguke.

"Wewe?"

"Mimi."

"Makubwa! Haya, basi nisikilize angalau. Ukuta wa zamani uuparue, uuloweshe maji kwanza, la sivyo udongo hautashika. Na udongo chota kule mtoni tunakochota sisi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alimsikia kama watu wanavyomsikia mchungaji Jumapili. Kwanza, mtoni kulijaa wanawake, na yeye hakuwa tayari kupanga foleni na ndoo katikati yao, na kofia yake ya ukili kichwani na ndevu zake zote za mvi. Pili, yeye alikuwa na udongo wake. Nyuma ya zizi palikuwa na ukingo wa udongo mweupe, laini kama unga, ambao ng'ombe wake hawakuweza kuupita bila kusimama. Tlali alikuwa mfugaji tangu ana meno ya utoto. Watu walikuwa wamemdanganya mara nyingi, ng'ombe hata mmoja hajawahi. Kitu ambacho ng'ombe anakipenda kiasi kile, akawaza, hakiwezi kuwa kibaya.

Na kuhusu kuparua na kulowesha ukuta, hapo aliona kabisa kwamba shemejiye anaropoka. Nani humvika blanketi mtu aliyelowa?

Basi akakandika. Akapaka udongo kwa viganja kama anavyomsugua farasi, kuanzia mlangoni hadi pembeni, juu mpaka chini, na alipouona unavyokuwa laini alijisikia raha ambayo hakuwa nayo tangu mazishi. Hata akapiga mluzi. Ukuta mzima ulipokwisha, akaingia ndani kuchukua uma wa 'Mampoi, ule wenye jino moja lililopinda, akarudi, akauinua.

Akabaki ameuinua.

Hakukumbuka. Maua, ndiyo, lakini maua ya namna gani? Petali zilikuwa ngapi? Mistari ilikwenda juu au ilizunguka? Alijikuna kichwa kwa uma. Kila mwaka, siku ambayo 'Mampoi alichora, yeye alikuwa juu ya paa akishona nyasi, na kutoka juu ya paa huuoni ukuta. Alichokikumbuka vizuri ni kilemba cha mkewe, chekundu, kikienda huku na huku chini yake, na sauti yake ikisema, "Baba, usiniangushie nyasi kwenye kazi yangu!" Hicho alikikumbuka hata kwa harufu. Nakshi yenyewe aliishi nayo miaka yote, akaegemeza mgongo wake juu yake kila jioni, wala hakuitazama. Na iliyokuwa imesalia ameifunika kwa mikono yake mwenyewe, huku akipiga mluzi.

Lakini udongo ulikuwa unakauka, na udongo haungoji mtu amalize kujuta. Akachora. Akachora ua, likatoka mguu wa kuku. Akachora la pili kulirekebisha la kwanza, likawa mguu wa kuku mwingine, huyu kilema. Alipofika pembeni ilionekana kama banda zima limepita ukutani likikimbia mwewe.

Mama wawili waliokuwa wakitoka kanisani walisimama.

"Ntate Tlali, hongera. Hao kuku ni wa kuuza?"

"Nendeni zenu."

"Hapana, tunauliza tu, wanataga?"

Asubuhi yake alifungua zizi kama kawaida, akili yake ikiwa mbali. Phatsoa, ng'ombe wake mkubwa mwenye madoa, alitoka wa kwanza. Alipiga hatua kidogo, akasimama, akainua pua. Kisha, badala ya kufuata njia ya malishoni, akageuka na kwenda moja kwa moja nyumbani, mwendo wa mgeni aliyealikwa. Wenzake wakamfuata. Tlali alipozunguka nyumba alikuta kundi lake lote limejipanga mbele ya ukuta, bega kwa bega, wanalamba.

Ndipo akajua alichokandikia nyumba yake. Ule udongo ulikuwa na magadi.

"Phatsoa! Toka! Toka hapo, mwizi wewe!"

Phatsoa alimtazama kwa upole, akaendelea. Tlali alipiga mbinja, akavuta mikia, akamwita kila mmoja kwa jina na kwa jina la mama yake. Ng'ombe mmoja akiondoka, mwingine anachukua nafasi yake. Na kwa kuwa ukuta wa zamani haukuparuliwa wala kuloweshwa, ukandiko haukuwa umeshika. Kila ulimi ulipopita, udongo ulibanduka vipande vipande ukaanguka.

'Malineo alitoka mbio, mwiko wa ugali mkononi, nusu ya kijiji nyuma yake.

"Yesu wangu! Shemeji, umewapikia ukuta?"

"Nisaidie, acha maneno!"

Alimsaidia, huku analia kwa kicheko, akiwapiga ng'ombe matakoni kwa mwiko hadi walipoondoka shingo upande. Halafu akageukia ukuta ili aendelee kumcheka vizuri, na kicheko kikamkatika.

"Shemeji," akasema. "Njoo uone."

Pale ng'ombe walipobandua ukandiko, ukuta wa zamani ulikuwa wazi. Vumbi la majira mawili ya baridi lilikuwa limetoka pamoja na udongo, na ndani ya mitaro ya uma kulikuwa kumebaki weupe wa magadi. Maua ya 'Mampoi yalikuwa yamesimama mlangoni, petali nne nne, kila mstari unaonekana.

Phatsoa, aliyesimama mbali kidogo, alijilamba pua.

"Sasa lowesha, kama nilivyokwambia," 'Malineo akasema, sauti imempungua. "Tutakandika safu nyembamba ya udongo wa mtoni, kipande kwa kipande, ili mistari isipotee. Halafu wewe upite na uma palepale alipopita yeye. Mimi sitachora hata pembetatu moja."

Na ndivyo walivyofanya, akina mama wakichota, Tlali akichora, ulimi nje kama mtoto wa shule. Wanaume wenzake walipita wakamwuliza kilemba chake kiko wapi. Akawajibu kiko kwa fundi.

Alipofika kwenye ua la mwisho, karibu na dirisha, alisimama. Lile lilikuwa na petali tano, na ya tano ilikwenda kombo hadi chini.

"Hapo alikosea," 'Malineo akasema. "Irekebishe."

Tlali aliinua macho kwenye ukingo wa paa, juu kidogo ya dirisha. Akakumbuka tita la nyasi lililomponyoka, kelele iliyotoka chini, na jinsi alivyotukanwa siku ile mpaka chakula cha jioni.

"Hakukosea," akasema. "Nilimwangushia nyasi."

Akaweka uma palepale, akaifuata ile petali kombo, kama ilivyokuwa, hadi chini.