Dawa ya Ndevu Isiyochoma

Chupa ya kwanza ya aftashevu ya kweli, ile dawa ya kupaka baada ya kunyoa, niliyowahi kununua Nairobi nilimrudishia mwenye duka mbele ya watu sita, nikimwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba ni ya bandia. Alinirudishia pesa zangu. Jioni ile ile nikashuka River Road nikanunua ya bandia, na nikatembea nayo mpaka nyumbani nikipiga mluzi. Sasa ni mzee na uso umeshapoa, lakini nikipita mtaa ule wa Bazaar bado huvuka nikatembea upande wa pili, ingawa duka lenyewe lilifungwa zamani na mwenyewe sidhani kama yuko hai.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa karani wa kaunta katika ofisi moja ya mjini iliyouza mbegu na pampu za maji. Nilikuwa na elimu ya sekondari, na sikumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Kulala nililala Kilimani, lakini usinione tajiri. Mke wangu alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu, na nyuma ya nyumba ile, ukishapita kamba za kuanikia nguo, kulikuwa na vyumba viwili vya watumishi, kimoja chetu na kimoja cha mpishi. Memsahibu alikuwa ameniandikia barua kwamba mume wa yaya ana ruhusa ya kulala pale. Wakati ule wa hali ya hatari mtu hakuhamisha hata mto bila karatasi, kwa hiyo barua ile niliilalia, chini ya godoro upande wangu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha hatua nne kwa tatu, na nilikipenda kupita kiasi. Jumapili wenzangu wakienda mpirani au kwenye dansi, mimi nilikaa mlangoni na soksi miguuni, nikila njugu na kumsikiliza mke wangu akipiga pasi. "Wewe," aliniambia siku moja, "Mungu angekuumba konokono ungemshukuru zaidi." Sikuona tusi hapo.

Sasa, shida yangu ilikuwa kidevu. Nikinyoa, kesho yake naota vipele kuanzia sikio mpaka sikio, vyekundu, vingine vina usaha. Nisiponyoa, naonekana mhalifu. Na mtu wa kaunta alitakiwa anyoe kila siku. Ijumaa moja karani mkuu wetu, Mgoa mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aliniita pembeni.

"Mteja akija kununua mbegu ya kabeji," aliniambia, "hapendi kuhudumiwa na uso kama huu. Nakupa mpaka Jumatatu, si hii, ile inayofuata. Usipopona, nitakupeleka godauni."

Godauni, yaani ghala letu, lilikuwa Eneo la Viwanda, upande wa pili wa mji. Lango lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na makarani wa kule walilazwa kwenye landi, zile nyumba za safu za kampuni, wanaume wanane kwa chumba. Mshahara ungebaki ule ule. Ila mke wangu ningemwona Jumapili, kama mgeni, halafu jioni nimuage. Hicho ndicho kidevu changu kilichotaka kuniletea.

Kila mtu alijua dawa ya vipele ni aftashevu, ambayo sisi tuliiita dawa ya ndevu. Na kila mtu alijua pia kwamba mji umejaa ya bandia. Watu walinunua chupa tupu kutoka majumbani, Hurlingham, Spring Valley na kwingineko, wakazijaza spiriti ya stovu na rangi kidogo, wakafunga kifuniko vizuri. Pale ofisini mwenzetu mmoja alikuwa ameungua shavu hivyo, akakaa wiki nzima akiongea na upande mmoja wa mdomo.

Mimi sikuwa na hofu. Nilikuwa naijua ya kweli kwa uso wangu mwenyewe. Bwana wa nyumba yetu alikuwa nayo bafuni, ile ya bei nafuu yenye lebo ya kijani, na mpishi, ambaye ndiye aliyesafisha bafu pia, alikuwa akiniletea kidogo kila Jumapili ndani ya kikombe cha yai, nijipake kabla ya kwenda kanisani. Ilikuwa laini. Ilipoza ngozi kama maji ya mtungi na harufu yake ilikuwa ya mbali, ya heshima, huwezi kusema kama ni ndimu au ni sabuni. Mpishi alitoka kijiji kimoja na mke wangu, ndiyo maana tuliitana shemeji, na kikombe kile cha yai nilikihesabu kuwa mapenzi ya kishemeji.

Kwa hiyo saa ya chakula cha mchana nikawafundisha wenzangu. Spiriti ya stovu inachoma. Ya bandia ina spiriti ya stovu. Basi inayochoma ni ya bandia, na ya kweli haichomi. Niliwaeleza hivyo nikiwa nimesimama. Wawili waliandika.

Jumamosi, kazi ilipokwisha, nilikwenda Bazaar kwa Mhindi mmoja mzee mwenye duka dogo la sabuni, uzi na vitana. Nikaikagua chupa kama askari anavyokagua kipande, kitambulisho cha mtu: lebo imekaa sawa, herufi hazijapishana, kifuniko kina utepe wake. Nikalipa. Jioni nikanyoa, nikamimina kiganjani, nikajipiga mashavuni kama nilivyoona bwana akifanya.

Nilikaa chini. Ilichoma kama moto. Machozi yalitoka bila huzuni yoyote na mke wangu akanipepea kwa nepi ya mtoto wa memsahibu.

"Labda ndivyo inavyokuwa," alisema.

"Hii ni spiriti ya stovu," nikamwambia. "Nimesoma kemia mimi."

Jumatatu, saa ya chakula, nilikuwa Bazaar na chupa yangu. Duka lilikuwa limejaa.

"Hii ni bandia," nikasema.

Yule mzee aliipokea, akaigeuza, akanusa. "Bandia wapi? Imetoka kwa ajenti, sanduku nzima."

"Inachoma."

"Inachoma," alikubali. "Iko dawa ya ndevu. Wewe nataka nini, maziwa?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ningeweza kucheka nao nikaenda zangu. Badala yake nikapandisha sauti na kuwageukia, nikawaeleza kanuni yangu yote, spiriti, stovu, na jinsi wanyonge wanavyoibiwa katika mji huu. Mama mmoja aliyekuwa ameshika mche wa sabuni aliutazama ule mche, akaurudisha juu ya meza taratibu, akatoka. Mzee alimwona akitoka. Akafungua droo, akaniwekea pesa zangu mezani, akamgeukia mteja aliyefuata. Nilichukulia kwamba ameshindwa.

River Road nilimkuta mchuuzi mwenye chupa zile zile juu ya gunia, na yeye alikuwa mtu wa adabu: alinikaribisha nijaribu kwanza. Akanidondoshea mkononi. Haikuchoma hata kidogo. Lebo ilikuwa imekaa upande kidogo, ni kweli, lakini nilikuwa nimeshavuka mambo ya lebo. Nikanunua.

Wiki ile nilijipaka asubuhi na jioni. Jumanne vipele vilikuwa vile vile, Jumatano vikaongezeka. Kufika Alhamisi shingo nayo ilikuwa imejiunga, na mke wangu akaanza kunipakulia chakula bila kunitazama usoni. Ijumaa jioni nilisimama kwenye mlango wa jiko la nyumba kubwa, mpishi akikwangua karoti, nikamlalamikia. Nilimwambia sielewi. Nimenunua ya kweli kabisa, laini kama ya bwana, na uso unaoza.

Kisu kilisimama.

"Shemeji," akasema, "ya bwana haichomi?"

"Si wewe unayeniletea? Haichomi."

"Ni mimi ninayekuletea." Akaendelea na karoti, polepole zaidi. "Na umewahi kujiuliza mbona chupa ya bwana haipungui?"

Sikuwa nimejiuliza.

"Nikikutolea wewe kijiko, natia kijiko cha maji. Nikijipaka mimi, natia maji. Mke wako akitaka kidogo ya leso, natia maji. Bwana mwenyewe anaipaka akialikwa mahali tu, naye pua yake ni ya sigara. Shemeji, tangu Krismasi mle ndani ni mimi na bomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unafurahi sana."

Nilirudi chumbani nikamkuta mke wangu anakunja nguo, na kwa uso wake nilijua kuta za jikoni zilikuwa zimepitisha kila kitu. Nikamuuliza kama alijua habari ya maji.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilifikiri mtu wa sekondari anayajua maji akiyaona."

Sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira na mpishi, na hasira na bwana kwa kutopaka dawa yake mwenyewe, na zaidi nilimkasirikia yule mchuuzi wa adabu aliyeniuzia maji, kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kanuni yangu. Asubuhi nilikimbia karibu njia yote ya kushuka mjini, nikafanya kazi ya nusu siku nikiwa nimeelekeza shavu ukutani, na kengele ilipolia nikaenda Bazaar kabla maduka hayajafungwa.

Mzee alinitambua nikiwa bado barabarani.

"Nataka ile dawa ya ndevu," nikamwambia.

"Hapana uza."

"Tafadhali, mzee."

"Wewe nasema bandia. Mbele ya watu. Mimi natia bandia kwa uso yako mara ya pili, iko dhambi."

Nikamwambia nimekosea. Nikamweleza habari ya kikombe cha yai, ya bomba, ya godauni, ya mke wangu na chumba. Alisikiliza yote akipanga vibiringo vya uzi. Nilipomaliza akasema kwamba sawa, lakini siku ile niliongea mbele ya watu sita, na leo nimekuja duka likiwa tupu.

"Ngojea watu," akasema.

Basi nikangojea. Nilisimama pembeni ya vitana, uso unawasha, saa ya ukutani inakwenda. Akaingia mtu mmoja wa kununua uzi, mzee akamwomba asubiri. Wakaingia wanawake wawili. Wakawa watatu. Barabarani majirani walikuwa wameanza kufunga milango yao. Akaingia fundi cherehani na mwenzake, watano, na baada yao hakuingia mtu mpaka mzee alipomwita mkewe kutoka nyuma, akaja akifuta mikono, akahesabiwa wa sita.

"Dawa ya mzee huyu ni ya kweli," nikatangaza. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Mtu wa uzi alinitazama kutoka viatu mpaka kidevu. "Kwani nani alikuuliza?" akasema, kisha akalipia uzi wake.

Ila yule mama wa sabuni hakuwapo kati ya hao sita, na hilo mzee alilijua kama mimi. Aliniuzia chupa bila kutabasamu.

Nilijipaka Jumamosi mara mbili na Jumapili mara tatu, kwa pupa ya mtu aliyechelewa. Uso uliokwisha kuwa kidonda hautaki spiriti, hilo hata kidato cha kwanza wanalijua. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimevimba kiasi kwamba jicho la kushoto lilifunguka nusu. Karani mkuu aliniita ndani na kufunga mlango, jambo lililokuwa heshima.

"Nimejaribu, bwana," nikamwambia.

"Naona umejaribu," akasema. "Ningefurahi kama usingejaribu." Akaandika barua yangu ya godauni kwa mwandiko mzuri, akaipuliza wino ukauke, akanipa mkono.

Nilipewa Jumapili moja ya kuhama. Memsahibu alitaka barua yake irudishwe na mke wangu akaenda kuirudisha, kwa sababu mimi sikutaka kuonekana. Kitanda kilikuwa changu, cha chuma, nilikuja nacho. Kwenye landi kulikuwa na nafasi ya kitanda lakini hakukuwa na kitanda. Mke wangu alikuwa amenifungia njugu kwenye kitambaa na kusimama karibu na kamba za nguo, akiviondoa vibanio ambavyo havikuwa vimebana kitu. Mimi na mpishi tukakibeba kile kitanda, yeye mbele, mimi nyuma, tukapita kando ya nyumba. Nyasi zilikuwa zimetufika magotini na ua wa mbele ulikuwa umeota magugu mpaka ngazini. Nilikuwa nalalamika njia nzima. Nililaani wachuuzi, nikalaani Wagoa, Wahindi, Wazungu wenye pua za sigara, na landi ya wanaume wanane ambamo hakuna mtu angenijua.

Langoni mpishi alitua upande wake wa kitanda na kupumua, akayatazama magugu, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "kama ulichokuwa unataka ni kulala na mke wako, ungeshika jembe. Bwana ametafuta mtu wa bustani mwezi mzima, ndevu hajali, na chumba ungekuwa nacho. Lakini wewe karani ulikuwa unanusa chupa."