Mguu Mrefu wa Plagi

Harufu ya shuka yenye wanga ikipigwa pasi hunirudisha Malindi, kwenye chumba chetu cha mbele mtaani Shela, na mkono wangu wa kulia hukunja ngumi kabla sijajua ninachokumbuka.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mama alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za Wataliana wa nyumba za ufukweni. Mmoja wao alipohama alimwachia pasi nzito yenye plagi ya miguu miwili ya mviringo. Soketi yetu ilikuwa ya matundu matatu, na plagi ile haikuingia mpaka usukume chelewa la ufagio katika tundu la juu, ndipo yale ya chini yakubali. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Kwetu, kazi hiyo ilikuwa yangu, nikiwa msichana wa miaka tisa.

Machelewa yalivunjika kila mara. Nikachonga kijiti cha mwanzi kilichokaa barabara, nikakiacha humo humo. Mama akacheka. "Mwanangu we fundi! Basi huo mguu wa tatu wa plagi nyingine Wazungu waliuweka wa nini?"

"Mapambo tu, mama," nikajibu, nikajiona nimewashinda akili.

Jumamosi moja nilichomoa pasi, nikatoka uani kuanua shuka. Kijiti nilikiacha, swichi sikuizima. Mdogo wangu Rukia, wa miaka mitatu, alikuwa chumbani akichezea pini ya nywele.

Sikusikia kilio. Nilisikia sauti fupi, kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Nilipofika mlangoni mkono wake ulikuwa umeganda ukutani, pini imo ndani ya tundu la soketi, macho yamemtoka. Nikasimama pale pale. Mama alinipita na mwiko wa sima, akaupiga ule mkono kwa nguvu ambazo sijaziona tena. Rukia akaanguka. Kimya. Kisha akalia, na mama akaketi sakafuni akampakata.

Jioni ile alikuja Mzee Katana, fundi wa stima. Akaifungua soketi, akatuonyesha vipande viwili vya plastiki.

"Hii ni milango, mama. Mguu wa juu ni mrefu makusudi: utangulie kuifungua, na ushike waya wa ardhi kabla stima haijafika. Ukitoka, milango hujifunga, vidole kama vya huyu visipate pa kupita." Akakiinua kijiti changu. "Nani katia hiki?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," akasema mama.

Akakemewa kama mtoto mbele yangu, akainamisha kichwa. Nami nikanyamaza.

Nawaambieni ninyi nilichochelewa mno kukielewa. Mtu wa mbali, asiyemjua Rukia, aliketi akakifikiria kidole chake, akakijengea mlango. Mimi niliyembeba mgongoni kila siku ndiye niliyeuacha wazi, nikasifiwa. Tangu hapo ujanja wa namna hiyo siusifu kwa mtu yeyote.

Mama amezikwa na kosa langu. Rukia, mwenye kovu kidoleni hadi leo, amekua akiamini neno lile moja la mama.

Rukia, hakuwa mama. Ni mimi.