Kumwonjea Mama Jibini

Nilipanda kutoka Mtowisa, bondeni, kuja kukaa na dada yangu mjini, mtaa wa Katandala, na kazi niliyoipata ilikuwa ya duka la maziwa. Nasema duka la maziwa kwa sababu ndivyo watu walivyoliita. Mwenye duka, mama mmoja Mfipa wa makamo, mjane, alitaka liitwe duka la jibini. Jibini alijifunza kulitengeneza enzi za usichana wake, alipokuwa akipika jikoni kwa masista, na aliporudi mjini aliona kwamba mji wenye ng'ombe na baridi kama huu hauna sababu ya kulikosa. Mji haukuwa na haraka ya kukubaliana naye. Wengi walikuja kuchukua maziwa na mtindi, wakayatazama yale magurudumu ya njano kwenye rafu, wakauliza kama ni sabuni.

Vijana walikuja na utani wao.

"Mambo, dada. Mna chizi?"

"Chizi mtafute stendi," mama alijibu kutoka chumba cha nyuma. "Hapa tunauza jibini."

Walionunua kweli walikuwa wachache: padre, watumishi wa serikali waliohamia kutoka Mbeya, na mwenye banda la chipsi mtaa wa pili, aliyelikwangua juu ya chipsi mayai.

Mimi ni mtu wa bondeni. Kwetu maziwa ya asubuhi yanachacha kabla jua halijafika utosini. Huku juu nilikuta maji ya ndoo yanauma vidole, na nikanunua sweta la mtumba wiki ile ile. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wafugaji walileta maziwa kwa baiskeli, tunayapasha moto kwenye sufuria kubwa, tunatia dawa ya kugandisha, tunakata mgando kwa kisu kirefu, tunachuja, tunafunga kwenye kitambaa na kulibana kwa mawe. Ugumu ulikuwa mlangoni, kwenye kupokea. Mama alifungua kila dumu, akainamisha uso, akavuta pumzi mara moja. Alijua ng'ombe amelishwa nini na dumu limeoshwa vipi. Wafugaji walimwogopa. Kuna mzee mmoja aliyekuwa akianza kujitetea kabla hata hajashuka kwenye baiskeli.

Msimu wa baridi ulipokolea, mama aliugua. Ilikuwa homa na mafua, akalala kwake siku kadhaa, mimi nikauza kilichokuwepo. Aliporudi alikuwa amepungua, amejifunga kitenge juu ya sweta, lakini alikaa mahali pake mlangoni na kufungua madumu kama kawaida. Aliinama, akavuta pumzi, akamimina. Dumu la tatu nililisikia mimi niliyekuwa nyuma yake.

"Mama, hayo yamechacha."

Alisimama na dumu mkononi. Mfugaji alitazama chini.

"Unasikia harufu?" aliniuliza.

"Nasikia."

Alimrudishia mfugaji dumu lake bila kumgombeza, jambo lililomshtua yule mtu kuliko kugombezwa. Alipoondoka, mama alichukua kitunguu, akakikata katikati, akakiweka chini ya pua.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Tangu nilipoamka. Hata uji naona kama nakunywa maji mazito."

Tulikwenda hospitali. Daktari, kijana mpole, alimwangalia pua na koo, akasema huwa inatokea baada ya mafua makali, kwamba harufu inaweza kurudi na inaweza ikachelewa. Mama aliuliza kama kuna dawa. Daktari akasema dawa ni subira. Tulikuwa karibu kufika dukani mama aliponigeukia.

"Basi utakuwa unaonja wewe," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumwonjea. Alikata kipande chembamba, akanipa, akasubiri akinitazama mdomo. Kwangu jibini lilikuwa na ladha ya jibini.

"Chumvi ipo?"

"Ipo."

"Ipo vipi? Chumvi ipo hata kwenye machozi."

"Ya kutosha."

"Linakukumbusha nini?"

Sikukumbuka chochote. Alikasirika kidogo, kisha akasema tatizo langu ni kwamba sijala vya kutosha, nimekulia wali wa bondeni na samaki mmoja. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alinichukua kwenda kula. Na Jumapili nyingine tena. Tulikula supu ya ng'ombe na chapati karibu na stendi. Tulikula ugali wa ulezi, mwekundu karibu na weusi, ambao dada yangu hapiki kwa kuwa mumewe anaona ni chakula cha wazee. Tulikula uyoga uliokaushwa, ukapikwa na karanga. Kila tulipoketi alinitaka niseme. Mwanzoni nilisema ni tamu, ni chungu, ni kali. Baadaye nikaanza kusema ulezi una harufu ya udongo uliopigwa jua, na mchuzi wa uyoga unabaki nyuma ya ulimi baada ya kumeza. Yeye alitafuna taratibu, ameinua uso, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Lazima niseme kwamba nilifurahia. Yeye alikuwa na shida, na mimi nilikuwa nakula vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Tulipopazoea zaidi ni kwa mama ntilie mmoja wa kutoka Mbeya, mwenye kibanda nyuma ya soko. Alipika dagaa wa Kirando na nyanya nyingi, na siku akipata migebuka, samaki wa ziwani, aliibanika ikang'aa mafuta. Alimvumilia mama mara mbili, mara ya tatu akaja kusimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Shikamoo mama. Samahani, chakula changu kina nini? Unakula kama unameza dawa."

"Marahaba. Hakina kosa, mwanangu. Pua yangu ndiyo iko likizo."

Mama ntilie alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alirudi jikoni, akaja na pilipili kichaa zilizopondwa na ndimu mbili, akamwagia kwenye samaki bila kuuliza. Mama alikula. Jasho lilimtoka puani, macho yakajaa maji.

"Hii naisikia," alisema, na akamaliza samaki wote, akawa anakwangua mifupa.

Mvua zilipoanza, harufu ilirudi, lakini haikurudi sawasawa. Asubuhi moja nilikuwa nimewasha jiko, sufuria imeanza kutoa mvuke, mama akaingia kutoka mbele amekunja uso.

"Nani anachoma nywele?"

Hapakuwa na mtu anayechoma nywele. Nilitoka nje nikaangalia, nikarudi. Alikuwa amesogea karibu na sufuria, ameinama kama zamani, kisha akaziba pua na kukimbilia uani. Nilimkuta ameshika ukuta.

"Ni maziwa," alisema.

Alijaribu kuzoea. Alijifunga khanga usoni, akatia mafuta ya mkaratusi puani, akaingia tukiwa tumeshachuja, akaingia kabla hatujapasha. Kahawa aliisikia kama kahawa, samaki kama samaki, sabuni kama sabuni. Maziwa ya moto tu, na jibini linalokomaa kwenye mbao, ndiyo yaliyomnukia nywele zilizoungua. Siku moja alivua aproni yake, akaifua, akaianika, na kesho yake akaketi mbele kwenye benchi la wateja.

"Mama, nikate mgando?" niliita kutoka nyuma.

"Kata. Usiniulize tena, wewe kata."

Sikumwona akilia. Alikuwa mkali kwa wateja kwa muda, halafu akatulia, na nadhani watu wananunua zaidi tangu yeye akae mbele, maana hamwachii mtu atoke bila kuonja.

Sasa mimi ndiye ninayepokea maziwa mlangoni. Yule mzee wa baiskeli ananijaribu bado. Jibini langu si kama lake. Padre alinunua, akarudi baada ya siku chache, akasema kwa upole kwamba siku hizi lina chumvi zaidi. Nilimpelekea mama habari.

"Na wewe unalipenda hivyo?"

"Nalipenda."

"Basi liache hivyo. Padre atazoea."

Jumapili bado tunakwenda nyuma ya soko. Mwezi uliopita mama alimchukulia mama ntilie kipande kikubwa cha jibini, akakiweka mezani kikiwa kimefungwa vizuri ili yeye mwenyewe asisikie harufu yake. Mama ntilie hakuwahi kulipika. Alilikata vipande vinene, akavikaanga mpaka vikawa rangi ya chapati, akatia nyanya, kitunguu na pilipili, akawapelekea madereva wa malori waliokuwa wakisubiri ugali.

"Hii nyama ya nini?" mmoja aliuliza, ameshajaza mdomo.

"Jibini," mama ntilie alimwambia. "La hapo Katandala."

Yule dereva alitafuna, akameza, akamwambia mwenzake asogeze sahani katikati.