Aproni Nyekundu na Aproni Nyeusi

Mwaka ule vita vilipofika kwetu Masisi tulipoteza nyumba, ng'ombe, na baba, ambaye alirudi nyuma kumfungua ndama akabaki huko. Leo nimepita sokoni Birere, wachuuzi wamefungua balo, robota la mitumba kutoka Ulaya, na harufu ya naftalini imenirudisha kwenye chumba tulichopewa mtaa wa Mabanga tulipokimbilia mjini.

Mama alikuwa amepata gauni katika nguo za msaada. Lilikuwa la kijani, lenye kiuno chembamba na vifungo vya shaba, zito kama pazia la kanisa. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Lilikuja na aproni mbili za hariri za kufunga juu yake, moja nyekundu, nyingine nyeusi. Mama alipolivaa, wanawake wa uwanja, majirani tuliochangia ua mmoja, walijaa mlangoni.

"Hii kifua ya wazi, mama, padiri atasahau Injili!" mmoja alisema, wakacheka.

Kisha mama mzee mwenye nyumba akainua ile nyeusi, rangi ya matanga. "Vala hii. Kama bwana yako angekuwa muzima, angeisha fika."

"Nani aliona maiti yake?" mama aliuliza.

Mama akanipa ile nyekundu nimfunge. Ilinitelezea vidoleni kama maji, nikaogopa kuikaza.

Jumapili kanisani, padiri aliwaita wajane wasogee mbele waombewe. Wanawake wa uwanja wetu wote wakamgeukia mama. Aliinyoosha aproni juu ya magoti yake, polepole, akabaki ameketi.