Kiganja cha Mama Viraka

Mke wangu, kazini walimwita Mama Viraka. Aliziba matundu kwenye kuta za kale. Ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa natoboa. Ukuta wa mawe wa zamani ukipasuka, tunautoboa, tunaingiza nondo, tunamimina uji wa chokaa. Nondo tunaikata iishie ndani. Linabaki tundu, na hapo mimi sina changu. Yeye anakuja na karai lake, anaziba, na ukirudi baadaye huoni palipoguswa.

"Baba watoto, umetoboa kama panya," alikuwa ananiambia.

"Panya huyo ndiye aliyekuoa."

Lipu mbichi inadanganya, ikikauka inageuka rangi. Kwa hiyo alijaribia nyumbani, ukutani chumbani kwetu, viraka vya ukubwa wa kisosi. Wageni walisema nyumba yetu ina ugonjwa wa ngozi.

Kazi ya mwisho ilikuwa posta ya zamani. Rangi ya ukuta wa mbele ilimsumbua sana. Ile iliyokubali aliipaka pale chumbani kikohozi kimembana, akaegemea ukuta, kiganja kikazama kwenye lipu. Nikamwambia asawazishe.

"Acha, nitasawazisha kesho."

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Kifua kilikuwa kimejaa vumbi. Hakurudi.

Msiba ulipokwisha nikaenda kazini. Mafundi walikuwa wamejaribu kuziba, ukuta umekuwa madoadoa kama chui. Msimamizi akanipa pole, kisha akasema, "Mzee, mvua zinakuja. Nisipopata mchanganyiko wa mama, napiga saruji ukuta mzima."

"Utafunika mawe yote. Na maji yatafungiwa ndani, ukuta utaoza."

"Najua. Sasa niambie alichanganya nini."

Sikujua. Alipima kwa mkono, na mkono umekwenda naye.

Nilirudi nyumbani nikakwangua ukingo wa kile kiraka, nikampelekea fundi wa chokaa. Akauponda, akaumwagia siki chokaa itoke, akatazama kilichobaki. Mchanga aliuona, na unga wa matofali. Kiasi cha kila kimoja hakukipata.

"Hautoshi, mzee. Kiraka chenyewe bado kipo?"

"Kipo."

"Nikiponda chote, nitajua."

"Kina kiganja chake."

Akainama, akafuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Basi amua wewe."

Binti yangu alikataa. "Baba, picha yake nzuri hatuna hata moja. Posta ni ya serikali. Huu ukuta ni wetu."

"Na ule ni wake."

"Ataujua nani kwamba ni wake?"

Nikachukua tindo. Kiraka kilitoka vipande vitatu. Vidole vilikuwa kwenye kimoja. Nikakishika kidogo, nikakitia mfukoni pamoja na vingine.

Fundi alipata alichotaka. Matundu yakazibwa, yakakauka. Juzi nilikwenda kusimama mbele ya posta. Watu wanapita na barua zao. Nondo zangu zimo ndani, hazionekani. Nilitafuta palipozibwa, nikapapasa mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Sikupaona.

Nyumbani pengo liko palepale, upande wa kitanda aliolala yeye. Binti anataka kuleta mtu alizibe.

Nimemwambia aache. Nalala nimelielekea.