Mpapai Jike wa Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa fundi wa kushona, na kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani alitazamana na dume. Mpapai ule ulikuwa umepita paa, umejaa maua yanayoning'inia kama hereni, lakini papai hata la dawa hakuna. Ulikuwa wa pili. Wa kwanza nao ulikuwa dume.

Yote miwili aliuziwa na mtu mmoja, muuza miche wa kando ya barabara aliyejiita Daktari. Mara zote Daktari aliapa. "Huu jike, mama. Nimeukagua mizizi."

Alipomrudia kulalamika, jibu lilikuwa tayari. "Umeupanda karibu na ukuta? Basi ndiyo maana. Pigilia msumari kwenye shina, utabadilika." Mumewe, dereva mstaafu, akapigilia msumari, akajigonga kidole, na mpapai ukazidi kutoa maua.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Alibeba kigoda na nguo za kupinda, akaenda kuketi katikati ya miche ya Daktari. Kila mteja aliyeinamia mipapai aliambiwa kwa upole, "Mimi hapa nimeuziwa madume matupu." Wateja wakacheka, wakaenda zao.

Kabla ya adhuhuri Daktari alichuchumaa mbele yake. "Mama, unaniharibia riziki."

"Na wewe umeniharibia bustani."

Daktari akajikuna shingo. "Ukweli ni kwamba mche mdogo haujulikani. Nikisema sijui, mtu anaenda kwa jirani anayejua."

"Jirani anajua?"

"Naye hajui."

Akampa miche kadhaa bure. Ipandwe shimo moja, ikichanua, madume yakatwe.

Ikachanua Mama Pacha akiwa kwa binti yake aliyejifungua. Aliposikia, akampigia mumewe simu. "Kata madume, acha jike. Na sikiliza, jike ndilo..." Mumewe alishasema sawa, sawa, na simu ikakatwa.

Aliporudi alikuta mashada ya maua yamening'inia, na pembeni kisiki kibichi.

"Nimekata ule bahili," mumewe alisema kwa fahari. "Ulikuwa na maua machache, tena yamebana kwenye shina. Hii iliyojaa ndiyo mama."

Mama Pacha akaweka mkoba chini taratibu. "Baba Pacha, jike ndilo linalobana maua kwenye shina."

"Hukusema."

"Ulikata simu."

Akaingia ndani, akashona mpaka jioni. Chakula kilipikwa, lakini kila sufuria ilitua mezani kwa kishindo.

Mvua ziliponyesha, kisiki kikachipua. Mama Pacha akakizungushia waya, panga akalifungia kabatini, na mumewe akaruhusiwa kumwagilia tu, tena chini ya uangalizi. Papai la kwanza lilikuwa dogo na tamu. Walilila nusu kwa nusu, kila mtu upande wake wa meza.